Miaka Mibaya ya Rugamba

Hapa Kagugu, kama kwingineko Kigali, Cyprien Rugamba hujulikana kwanza kwa nyimbo zake na kwa Amasimbi n'Amakombe, kundi la ngoma za asili alilolianzisha. Msomaji anayezipenda nyimbo hizo akifungua kitabu cha maisha yake hushtuka. Mchumba wake aliuawa mwaka 1963. Mwaka 1965 akamwoa Daphrose, binamu wa marehemu, na kabla ndoa haijakomaa akasadiki fitina za watu, akamrudisha kwao. Hata walipopatana, nyumba ilikaa baridi kwa miaka mingi: mume ameiacha imani, mke anasali. Mambo yaligeuka mwaka 1982, baada ya mume kuugua. Tarehe 7 Aprili 1994 waliuawa pamoja, na sita kati ya watoto wao.

Tangu mwaka 2015 Kanisa limekuwa likichunguza kama wanandoa hawa watangazwe wenyeheri, na wapo wasomaji wanaoona ni utovu wa adabu kufukua ugomvi wa watu waliokufa kifo kama hicho. Naiheshimu hoja hiyo, kwani marehemu hana mdomo wa kujitetea. Lakini tazama anayeumia fitina ile ikifichwa. Ni Daphrose. Ukifuta miaka mibaya ya mume, umefuta na subira ya mke, na mwaka 1982 unabaki tarehe tupu. Mwandishi wa wasifu anayeiandika fitina bila kuinogesha, akaeleza nani alirudishwa kwao na nani alisadiki nini, anamtendea haki yule aliyeonewa. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kusifu, na ngumu zaidi kuliko kuumbua.

Wengine husema nyimbo zijitegemee, maisha ya mtunzi hayatuhusu. Hawa wana haki nusu. Anayesaka ndoa ya Rugamba katika kila ubeti wa huzuni anapotea, maana mtu huyu aliongoza taasisi ya utafiti kule Butare na alizama katika ushairi wa kale wa Rwanda. Beti zake zina mababu wengi. Wasifu mzuri huwataja mababu hao pia. Lakini maisha nayo yana la kusema, na Shaaban Robert alilijua hilo alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar: hakuuficha umaskini wa binti wa Fumba aliyeuza vyungu, ndiyo maana msomaji anaiona njia yote iliyoifikisha sauti ile kwenye santuri zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928.

Siti aliacha santuri, Rugamba akaacha nyimbo. Daphrose hakuacha vitu vya namna hiyo, na msomaji aliyevutwa na jina la mumewe huishia kuuliza habari zake yeye. Kumjibu, mwandishi hana budi kubisha hodi kwa majirani, kwa watoto waliosalia, na kwa waliokuwa watoto wa mitaani ambao wanandoa hao waliwalisha.