Kibendera Mbele ya Mkimbiaji

Mashindano ya zoni, mita 100. Watoto wanane wameinama kwenye mstari wa chokaa. Mwanzishaji amesimama nyuma yao na mbao mbili mikononi, kwa kuwa ndipo alipozoea kusimama na ndipo anapoona miguu yote. Mbao zinagongana na watoto saba wanafyatuka. Wa nane, aliye njia ya nne na asiyesikia, alikuwa amegeuza shingo akikodolea kisigino cha jirani yake. Kisigino kilipoinuka, naye akainuka.

Mwalimu yeyote aliyewahi kupeleka mtoto kiziwi mashindanoni anaijua picha hii. Tuhesabu basi alichopoteza mtoto huyo. Mwili wa binadamu huitikia mlio kwa takriban sehemu 15 za mia za sekunde. Kitu kinachoonekana hukiitikia polepole kidogo, karibu sehemu 20 za mia. Jirani ameondoka kwa mlio. Kiziwi wetu ndiyo kwanza anauona mguu wa jirani, na kuanzia hapo mwili wake unahitaji sehemu 20 nyingine ili uondoke. Mtoto anayemaliza mita 100 kwa sekunde 16 hukimbia wastani wa mita 6.25 kwa sekunde. Sehemu 20 za mia ni mita moja na robo, na zimekwenda kabla hajapiga hatua. Hapo sijahesabu shingo iliyopinda na bega lililotangulia upande. Safari ya kutoka zoni kwenda kaunti ndogo, kisha kaunti, rijeni na taifa ina mlango kila hatua, na kwenye kila mlango kuna mtoto aliyeachwa nje kwa chini ya mita moja.

Dawa yake ni rahisi. Mwanzishaji atoke nyuma. Asogee mbele ya mstari, pembeni, mahali ambapo mkimbiaji wa njia ya kwanza na wa njia ya nane wote wanamwona kwa pembe ya jicho. Ashike kibendera cha rangi kali, nyekundu kwa mfano, kisichochanganyika na majani wala vumbi. Kikiwa juu, jiandae. Kikishuka kwa ghafla, nenda. Kama watoto wanaanza kwa kuchuchumaa, kibendera kishikwe chini zaidi ili wasilazimike kuinua kichwa. Kazi ya kuwachunga wanaoiba mwanzo apewe mwamuzi mwingine, abaki nyuma.

Kwenye Michezo ya Olimpiki ya Viziwi, iliyoanza Paris mwaka 1924 na ambako Wakenya wameshinda medali nyingi, jambo hili hufanywa kwa taa. Taa ndogo huwekwa chini, mbele ya kila mkimbiaji: nyekundu ni kukaa mstarini, manjano ni tayari, kijani ni kutoka. Wanaoruhusiwa kushindana ni wale ambao sikio lao zuri zaidi limepoteza angalau desibeli 55, na vifaa vya kusaidia kusikia huvuliwa kabla ya kuingia uwanjani ili wote wawe sawa. Kibendera cha kitambaa ni ndugu maskini wa taa hiyo, lakini kinafanya kazi ileile.

Wapo watakaosema kibendera kinampendelea mtoto mmoja. La hasha. Upana wa njia moja ni mita 1.22, kwa hiyo njia nane ni karibu mita 10. Mwanzishaji akisimama upande mmoja akagonga mbao, mlio unachukua karibu sehemu 3 za mia za sekunde kufika upande wa pili. Mwanga haucheleweshi mtu. Wote wanane wakitazama kibendera kimoja, wote wanaanza kwa macho na wote wanaona kwa wakati mmoja.

Mbio, hata hivyo, ndiyo sehemu nyepesi. Ugumu uko kwenye kipindi chenyewe cha michezo, siku za kawaida, pale mwalimu anapotaka kufundisha kurusha mpira, kupanga timu au kueleza kanuni kwa lugha ya ishara. Hapa Nakuru tuna shule ya viziwi ya Ngala, na upande wa Kericho iko Kedowa. Shule za aina hiyo zimejifunza haya kwa miaka mingi. Ninaowawazia leo ni walimu wa shule za kawaida za mitaa kama Section 58, Free Area na Lanet, ambao siku yoyote wanaweza kumpokea mtoto mmoja au wawili wasiosikia. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 153,361 wenye ulemavu wa kusikia nchini, na si wote walio katika shule maalumu.

Kosa la kwanza ni jua. Saa tisa na nusu mchana, jua limeshaelekea magharibi. Kwa mtu aliye Section 58, magharibi ni upande wa mjini. Mwalimu akiupa mji mgongo na watoto wakamtazama, jua lote liko nyuma ya kichwa chake. Wanachoona ni kivuli cheusi chenye mikono. Uso haupo, na katika lugha ya ishara uso ni sarufi. Nyusi zikiinuliwa, sentensi ni swali la ndiyo au la. Zikikunjwa, ni swali la nani, wapi au kwa nini. Mwalimu asiyeonekana uso ni sawa na mwalimu anayezungumza huku amefunika mdomo kwa leso. Kwa hiyo ageuke, aupe mgongo upande wa Nairobi na autazame mji. Mwalimu ndiye aumie macho, watoto waone. Wao wasimame nusu duara, wafupi mbele, pasiwe na mtoto nyuma ya mgongo wa mwingine.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na wengi hawalitambui kwa sababu wanaosikia haliwapati kamwe. Mtoto anayesikia hutazama mpira huku akimsikiliza mwalimu. Sikio na jicho vimegawana kazi. Mtoto kiziwi ana macho tu. Mwalimu akishika mpira, akaonyesha namna ya kuurusha na hapohapo akaeleza kwa ishara, amemlazimisha mtoto achague. Akitazama mikono, mpira umempita. Akitazama mpira, maelezo yamempita. Baadaye anaonekana mzito wa kuelewa, kumbe alipewa nusu ya somo.

Suluhisho ni kupanga muda. Eleza kwanza, mpira ukiwa chini. Maliza. Kisha nyamaza kwa mikono, onyesha tendo mara mbili, taratibu. Rudi kwenye ishara, uliza wameona nini. Ndipo waachie mpira. Katika kipindi cha dakika 35, utaratibu huu unakula dakika tano au sita zaidi ya ule wa kusema na kufanya kwa pamoja. Zinafidiwa kwa sababu huhitaji kurudia. Maneno mapya ya siku, sita au saba, yafundishwe darasani kabla ya kutoka, ubaoni na kwa mikono. Uwanjani watoto wayatumie tu.

Na mchezo ukishaanza, utausimamishaje? Filimbi haisaidii. Katika soka ya viziwi, refa hupuliza filimbi kwa mazoea lakini kinachosimamisha mchezo ni kibendera anachokipunga. Shuleni ongeza kanuni moja: kila anayekiona kibendera anasimama na kuinua mkono wake juu. Aliyekipa kibendera mgongo ataona mikono ya wenzake. Habari inasambaa uwanja mzima kwa sekunde chache, na hakuna mtoto anayebaki akikimbia peke yake na mpira huku wenzake wamesimama wanamcheka. Jambo hilo dogo ndilo huwafanya wengine waache michezo kabisa.

Sasa niingie kwenye lugha yenyewe, kwa sababu hapa ndipo walimu wetu wengi wanapoteza dhahabu. Kwa miaka mingi shule za viziwi nchini zilitumia ishara zilizopangwa kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno, na kabla ya hapo watoto wengi walilazimishwa kusoma midomo, mtindo ulioenea duniani baada ya mkutano wa walimu uliofanyika Milan mwaka 1880. Katiba ya mwaka 2010 imeitambua Lugha ya Ishara ya Kenya: Ibara ya 7 inaitaka serikali iikuze, na Ibara ya 120 inaifanya moja ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mtoto kiziwi huisoma kama somo mahali ambapo wenzake wanasoma Kiswahili. Hata hivyo uwanjani bado utamkuta mwalimu akijitaabisha kuonyesha kila neno la Kiingereza, moja baada ya jingine.

Jaribu kueleza kuotea kwa mtindo huo. Utatumia ishara 30, na mtoto atakuwa amepotea kwenye ya 15. Lugha ya ishara halisi hutumia nafasi iliyo mbele ya kifua kama ukumbi. Mwalimu anachora goli hewani, mbele yake. Kidole cha shahada kilichosimama cha mkono wa kushoto ni beki wa mwisho. Kidole cha mkono wa kulia ni mshambuliaji, anasogea, anampita beki. Mwalimu anasita, anatazama nyuma ya vidole, na macho yake yanafuata pasi inayokuja. Anarudi kwenye kidole cha kulia, anakunja uso: huyo amekosea. Anaanza upya, safari hii mshambuliaji akiwa bado hajampita beki pasi inapopigwa. Uso unafunguka: huyo sawa. Sekunde 20. Uwanja mzima umekaa kati ya mikono miwili, na kila mtoto ameuona kutoka juu kama ndege. Kocha anayesema kwa mdomo huhitaji ubao na chaki kufika hapo. Kwa kazi hii, nasema bila kusita, lugha ya ishara ni bora kuliko lugha ya mdomo.

Ina mipaka yake. Herufi za vidole hazisomeki mbali. Mtoto aliye mita 40 haoni kidole kipi kimekunjwa. Kwa umbali huo chagua ishara zinazotumia mkono mzima, na jina la mchezaji liwe ishara-jina lake, lisiwe la herufi. Tena, ishara huonekana na wapinzani pia. Wachezaji wa chuo cha viziwi cha Gallaudet, Marekani, walilitatua hilo miaka ya 1890 kwa kujikusanya duara, migongo nje, na mtindo huo sasa umejaa katika futiboli ya Kimarekani.

Mbio za kupokezana vijiti ndizo zinazopima kama mwalimu ameelewa. Kwa kawaida anayeleta kijiti hupiga kelele, naye anayepokea hunyoosha mkono nyuma bila kutazama. Timu ya viziwi inafanya kwa alama na hesabu. Chora alama ya chokaa kabla ya eneo la kupokezana; mwenye kijiti akiikanyaga, mpokeaji anaondoka. Anahesabu hatua zake, tuseme saba, na ya nane mkono unakwenda nyuma wenyewe, ukae umenyooka. Kwenye mita 100 mara nne eneo lina urefu wa mita 30, nafasi ya kutosha kusahihisha. Hesabu hii hufanyiwa mazoezi mpaka inaingia mwilini, na timu zinazosikia zingefaa kuiiga, maana siku ya fainali, uwanja ukilipuka kwa vigelegele, kelele ya mwenye kijiti haisikiki.

Hayo yananileta kwa watoto wanaosikia. Shule nyingi hufundisha ishara za salamu na alfabeti kwenye klabu mara moja kwa wiki, wakiwa wamekaa. Baada ya muhula zimesahaulika kwa sababu hazina kazi. Zipeleke uwanjani. Mtoto aliyeitwa kwa ishara 'pasi', 'subiri', 'kushoto', akafunga bao kwa kuielewa, haisahau, na kesho ataitumia foleni ya chakula kumwita mwenzake asiyesikia. Makofi nayo yafundishwe kwa wote: mikono juu, vidole vikitikiswa, ili aliyeshinda ayaone.

Ombi langu ni kwa viongozi wa michezo ya shule za msingi katika zoni za Nakuru. Kabla ya msimu ujao, andikeni kwenye ratiba zenu kwamba kila mbio itaanzishwa kwa kibendera kutoka mbele ya mstari, awepo kiziwi au asiwepo. Kitambaa chekundu na fimbo vinapatikana katika kila shule.