Mafundi wa Njia za Shaba

Waya umefika kwenye mguu wa chipu. Kwenye skrini vinagusana, na kipanya kimeachiwa palepale panapotakiwa. Lakini programu inang'ang'ania kuwa mguu namba 7 haujaunganishwa na chochote. Mchoraji anafuta, anachora upya, anapata jibu lilelile. Kumbe chipu yenyewe iliwekwa nje ya gridi. Katika KiCad, programu huria ya kuchorea saketi, gridi ya kawaida ya mchoro hupiga hatua za milimita 1.27, yaani nusu ya sehemu ya kumi ya inchi. Ncha ya waya na ncha ya mguu zisipoangukia nukta moja, kwa programu hazijakutana, hata kama macho yanaapa kuwa zimekutana. Aliyezoea kazi hii hahangaiki na waya. Anatazama kiduara kidogo kilicho kwenye ncha ya mguu, ambacho hutoweka pale tu muungano unapokuwa wa kweli.

Kuchora bodi za saketi kumejaa mambo ya namna hii, na wanaoiweza kazi hiyo wanastahili sifa kubwa kuliko wanayopewa. Simu, king'amuzi, mita ya LUKU, mashine ya kupimia sukari ya damu: vyote vina bodi ndani yake, na nyuma ya kila bodi kuna mtu aliyekaa na kuamua mistari ya shaba ipite wapi, iwe na upana gani, ipishane kwa nafasi gani. Watumiaji hawamjui. Kifaa kikifanya kazi, hakuna anayeuliza nani aliipanga mistari ile.

Ufundi huu una historia inayogusa moyo. Paul Eisler, mhandisi aliyezaliwa Vienna mwaka 1907, aliondoka Austria mwaka 1936 akaenda Uingereza, na huko akatengeneza redio ambayo nyaya zake zilikuwa njia za shaba zilizobandikwa juu ya ubao. Kampuni aliyoipelekea wazo hilo ililikataa, kwa hoja kwamba wasichana waliokuwa wakiunga nyaya kwa mikono walikuwa rahisi zaidi kuwalipa. Ilibidi ije Vita ya Pili ya Dunia, na mahitaji ya fyuzi za makombora, ndipo bodi za namna hiyo zikathaminiwa. Mwana mwingine wa Vienna, Joseph Gerber, aliyezaliwa mwaka 1924 katika familia ya Kiyahudi, aliwakimbia Wanazi akafika Marekani mwaka 1940. Jina lake ndilo linalobebwa hadi leo na mafaili yanayopelekwa kiwandani kutengenezea bodi.

Kabla ya kompyuta, mchoraji alifanya kazi kwa wembe na utepe. Utepe mwembamba mweusi ulibandikwa juu ya karatasi ya plastiki angavu, mchoro ukiwa mkubwa mara mbili au mara nne ya bodi halisi, kisha ukapigwa picha na kupunguzwa. Kuhamisha kijenzi kimoja kulimaanisha kubandua tepe zote zilizokizunguka na kuanza kupanga upya. Wachoraji wa zama zile walijifunza kufikiri sana kabla ya kubandika, na kazi zao nyingi zina mikunjo laini ambayo hadi leo inapendeza kuitazama. Programu zilipofika kwenye kompyuta za mezani miaka ya 1980, Protel kutoka Tasmania mwaka 1985 na EAGLE kutoka Ujerumani mwaka 1988, wembe ulipumzika. Usumbufu haukuisha, ulibadili sura tu.

Usumbufu mkubwa kuliko wote leo uko kwenye miguu ya vijenzi. Mchoro wa saketi huonyesha kijenzi kinafanya nini. Bodi inataka kujua kina umbo gani, miguu yake imeachana kwa kiasi gani, na mguu wa kwanza uko upande upi. Mambo hayo mawili huhifadhiwa kwenye maktaba tofauti, na kazi ya kuyaoanisha ni ya mchoraji. Chukua transista mbili zinazopatikana kwenye duka lolote la spea za elektroniki, 2N3904 na BC547. Zote ni ndogo, nyeusi, zenye miguu mitatu, na ukiziweka kiganjani utadhani ni pacha. Ukiishika 2N3904 upande wake bapa ukikutazama na miguu ikining'inia, kutoka kushoto utakuta emita, bezi, kolekta. Ukiishika BC547 vilevile, utakuta kolekta, bezi, emita. Mchoraji aliyechagua umbo la moja na fundi aliyenunua nyingine watapata bodi yenye transista iliyogeuzwa. Tena transista hiyo haifi. Inafanya kazi kinyonge, inakuza mkondo kidogo tu, na fundi anaweza kumaliza siku nzima akiilaumu betri.

Chipu nazo zina mitego yake. Zile bapa za kulehemu juu ya bodi huja na viwiliwili vya upana tofauti, kuna za milimita 3.9 na za milimita 7.5, na majina yake kwenye maktaba hutofautiana kwa herufi chache. Nyaraka za mtengenezaji huchora baadhi ya vijenzi vikitazamwa kutoka juu na vingine kutoka chini. Asiyesoma maandishi madogo pembeni mwa mchoro ule atapanga miguu yote kinyumenyume, na programu haitamwambia neno, kwa sababu kwa upande wake kila kitu kimeunganishwa sawasawa.

Halafu kuna vipimo. Ulimwengu wa elektroniki ulirithi inchi, na miguu ya chipu za zamani imeachana kwa milimita 2.54. Umoja wa Kisovyeti, katika kushikilia vipimo vya metriki, ulitengeneza chipu zake kwa nafasi ya milimita 2.5 kamili. Tofauti ni milimita 0.04, kitu ambacho jicho halikioni. Kwenye chipu yenye miguu minane haisumbui. Lakini chipu ya miguu 40 ina miguu 20 kila upande, na kati ya mguu wa kwanza na wa mwisho kuna nafasi 19. Zidisha: mguu wa mwisho unakosa tundu lake kwa milimita 0.76. Kosa hilohilo hutokea leo kwa mchoraji anayeandika 2.5 kwenye kisanduku cha vipimo kwa sababu ya haraka.

Sifa halisi za fundi, hata hivyo, huonekana vijenzi vinapokuwa vimekwisha kuwekwa na skrini imejaa nyuzi nyembamba zilizonyooka zinazoonyesha nani aungane na nani. Hapo ndipo kazi inapoanza. Wapo wanaoiachia programu ipange njia yenyewe. KiCad haina mpangaji wa aina hiyo ndani yake. Wanaomtaka hutumia programu ya pembeni iitwayo Freerouting, na kwa bodi rahisi inasaidia. Ila mashine hiyo inatafuta pa kupita tu. Haijui kwamba kapasita ya nanofaradi 100 inapaswa kukaa jirani kabisa na mguu wa umeme wa chipu, la sivyo haina maana kuwepo. Haijui kwamba kristali ya mikrokontrola haipendi njia ndefu. Haijui kwamba ishara za kasi hurudi kupitia shaba iliyo chini yake, na kwamba ukiikata shaba hiyo kwa mstari mmoja uliopita bila mpango, mkondo utalazimika kuzunguka na kelele itaingia kwenye saketi nzima. Mambo hayo yamo kichwani mwa mtu. Fundi mzuri huanza na njia ngumu, humalizia na nyepesi, na mara kwa mara hufuta kazi ya asubuhi nzima kwa kuwa ameona kwamba kuigeuza chipu moja nyuzi 90 kutafungua kila kitu.

Zana yenyewe imekuwa bora kwa sababu ya watu waliokerwa nayo wakaamua kuitengeneza. Jean-Pierre Charras, mwalimu katika taasisi ya ufundi ya Grenoble nchini Ufaransa, alianza kuiandika KiCad mwaka 1992. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichopo jirani na Geneva, kiliamua kuichangia, kwa sababu haikuwa na maana kutoa michoro ya vifaa bure kwa walimwengu huku wakihitaji programu ya bei kubwa kuifungua. Kutoka huko, kwa kazi ya Tomasz Włostowski, kilikuja kifaa cha kuchorea njia kinachosukuma nyingine: ukivuta mstari mmoja, mistari ya jirani inajisogeza na kuacha nafasi iliyopangwa. Wachoraji waliokuwa wakihamisha mstari mmojammoja kwa mkono walipata ahueni kubwa.

Kero nyingine zilichukua muda mrefu zaidi. Hadi toleo la 5 lilipotoka mwaka 2018, mabadiliko ya mchoro yalifika kwenye bodi kwa kupitia faili la tatu ambalo ilibidi litengenezwe na kusomwa upya kila mara. Na kabla ya toleo la 6, lililotoka Desemba 2021, faili la mchoro halikubeba alama za vijenzi vyake. Ukimtumia mwenzako bila maktaba, alikuta masanduku yenye alama za kuuliza mahali pa chipu. Sasa alama husafiri ndani ya mchoro. Bado mafaili ya toleo jipya hayafunguki kwenye toleo la zamani, na darasa lenye kompyuta za umri tofauti linalijua tatizo hilo vizuri.

Walimu wa vyuo vya ufundi wana nafasi ya kuwafundisha vijana ustadi huu mapema, maana KiCad hailipiwi na kompyuta ya kawaida inaiendesha. Wasiishie kuwafundisha vitufe. Wawafundishe kusoma nyaraka za kijenzi hadi maandishi madogo, kuuheshimu ukaguzi wa kanuni unaofanywa na programu na kusoma kila onyo badala ya kulizima. Na kabla mafaili hayajatumwa kiwandani, wawaambie wachapishe bodi kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, wapime kwa rula kuhakikisha printa haikupunguza, kisha waweke vijenzi vyenyewe juu ya mchoro, mguu kwa mguu. Chipu pana juu ya umbo jembamba itajionyesha hapohapo. Karatasi moja ya A4 inatosha.