Kebo Mbili, Bomba Moja

Mliokuwepo siku faiba ilipovutwa hapa kijijini Mbaha mliliona lile bomba la plastiki, limevuka korongo kati ya jengo la utawala na maabara ya kompyuta. Faiba ya kwanza ilishapita humo. Ilibaki ya akiba. Fundi akaifunga ncha kwenye waya wa kuvutia, kijana akavuta kutoka ng'ambo, na kufumba na kufumbua akiba, iliyoletwa kuilinda kebo ya kwanza, ikawa imelala ubavuni mwake. Taasisi siitaji. Kosa ndilo la kutajwa.

Niseme mapema: ile si akiba. Ni faiba ileile, imenunuliwa mara mbili.

Nilimuuliza fundi sababu. "Mzee, mtaro si umeshachimbwa? Tuchimbe mwingine wa nini?" Ugonjwa wenyewe ndio huo. Mchoro wake ukutani una pete safi, mstari mmoja kushoto na mwingine kulia. Ardhini hakuna pete, kuna mshipi mmoja. Na swichi ya mtandao haioni mtaro. Inaona milango miwili iko hai, inauzuia mmoja ili data isizunguke bila kikomo, inauweka usubiri zamu. Masika korongo likijaa na kumega ukingo, milango yote miwili itakufa kwa pamoja. Swichi itafungua upi?

Njia ya pili ilikuwepo. Niliipima kwa miguu yangu: ukipanda hadi kwenye miembe, ukavukia darajani, unaongeza hatua 140. Siku mbili za jembe, basi.

Haki yake nampa: viunganishi vilisafishwa, kebo zina lebo, kabati lina waya wa ardhi.

Wanaonisoma wanajua kidonda changu cha enzi za kebo nyembamba ya koaksia. Kipande kimoja kisichozidi mita 185, kizibo cha omu 50 kila mwisho. Kizibo kikilegea, ofisi nzima kimya. Tuliuchukia mpangilio ule, lakini haukumdanganya mtu: kila mmoja aliona uzi ni mmoja. Leo tunapanga mitandao kwa umbo la nyota, tunajisifu, halafu swichi kuu na ya akiba tunazichomeka kwenye ekstensheni moja. Hili nimeliandika mpaka wino umenichoka.

Wakubwa wa kazi hii hawakuwa hivyo. Paul Baran, miaka ya 1960, alichora mtandao kama wavu, akapiga hesabu kwamba kila fundo likishikwa na nyuzi kadhaa, hata mafundo mengi yakipigwa mabomu yaliyobaki yataendelea kusemezana. Radia Perlman, mwaka 1985, akatupa kanuni ya kuziwezesha njia mbili kukaa pamoja bila vurugu. Hesabu walimaliza wao. Sisi tuliachiwa jembe, na jembe ndilo limetushinda. Mafundi wa lililokuwa Shirika la Posta na Simu niliowakuta kazini walikuwa wakiitembea njia kwanza, ndipo wanashika kalamu.

Atakayesema nakuza jambo la kijijini, akumbuke Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Kebo ya baharini ya Seacom ilikuwa na jeraha katika Bahari ya Shamu tangu Februari. Siku hiyo ikakatika tena upande wa Afrika Kusini, pamoja na kebo nyingine, EASSy, na sehemu kubwa ya Tanzania ikabaki inatazama simu zisizofungua kitu. Wamiliki tofauti, kebo mbili, majina mawili. Kumbe zilikatika siku moja, kwenye maji yaleyale. Ukubwa tu ndio unaotofautisha bahari ile na korongo letu.

Pale ufukweni kwetu, upepo wa mwera ukianza kuvuma, mwenye boti hufunga kamba ya pili. Sijamwona hata mmoja akiifunga kwenye kigingi kilekile, na hakuna kati yao aliyesomea mitandao. Fundi wetu ana cheti. Faiba ya akiba bado inaweza kuvutwa nje ya bomba, na masika hayajafika.