Samoni wa Thukela: Usome Mto Kabla ya Bahari

Doornfontein, jijini Johannesburg, iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mto wake ni kijito cha Jukskei, kinachochipuka chini ya mtaa karibu na uwanja wa Ellis Park na maji yake kuishia Limpopo. Hata hivyo, kati ya Machi na Mei, joto linapopungua Johannesburg, wako wavuvi wanaofunga fimbo juu ya gari Ijumaa jioni na kuishika barabara ya N3, kilomita 570 hivi mpaka Durban, kisha kaskazini hadi mto Thukela unapoingia Bahari ya Hindi. Wanamfuata samaki ambaye wenyeji wa jimbo la KwaZulu-Natal humwita samoni. Hana undugu na samoni wa Norway. Ni kob, Argyrosomus japonicus, anayenguruma kwa kibofu chake cha hewa na kuweza kufika mita 1.8.

Wengi hurudi mikono mitupu kwa kuwa wanaitazama bahari peke yake, ilhali mwamuzi ni mto. Thukela hushuka kutoka milima ya Drakensberg ukiwa umebeba tope jingi, na tope hilo limetandaza nje ya pwani uwanda laini wa Thukela Banks, wenye kamba wengi. Katika mvua kubwa za Desemba hadi Februari mto hufurika, na takataka hunasa kila mshipi. Mvua zikikatika, maji hupungua bila kutakata kabisa. Hapo hujichora mstari: upande huu kahawia, upande ule kijani. Kob huwinda kwenye ukingo wa kahawia, mahali ambapo mkizi hawamwoni akija, naye hutegemea kunusa na kuhisi mtikisiko wa maji zaidi kuliko macho. Aliyekulia Rufiji au karibu na mlango wa Sabaki anaujua mstari huo bila kufundishwa.

Muda wa kuvua ni maji yanapoanza kupwa, hasa kupwa huko kukiangukia magharibi au alfajiri. Mto hutoka na mkizi wadogo, na kob huwangoja kando ya mkondo, pale kina kinapoanza kushuka. Siku za bamvua mkondo huburura chubwi. Siku za maji mafu chambo hulala bila uhai. Mimi napendelea siku za katikati.

Sasa, kutupa. Fimbo za kisasa hurusha chambo mita 100 na zaidi, na mtu akiwa nazo hutaka kuutumia uwezo wote. Kiza kikiingia, kob husogea mpaka kwenye korongo la mchanga lililo nyuma ya wimbi la kwanza, mita 20 au 30 kutoka miguuni. Ukitupa mbali, umemruka. Na usiingie majini mpaka kiunoni ili kupata umbali zaidi: papa wa Zambezi huyapenda maji hayo hayo ya tope.

Chambo bora ni mkizi hai. Akikosekana, funga ngisi pamoja na kipande cha sadini, harufu ienee. Kob hana meno ya kukata kama nguru, kwa hiyo nailoni nene inatosha bila waya. Ndoana iwe ya duara, nayo inadai uvumilivu: samaki akigusa usivute kwa nguvu. Mwache aondoke na chambo, mshipi ukaze wenyewe, ndoana imshike pembeni mwa mdomo.

Pembeni mwa mdomo ndiko kunakomwezesha kuishi akiachiliwa, na hilo ni zito. Jike hukomaa akiwa na urefu wa takriban mita 1, na kob huweza kuishi zaidi ya miaka 40. Utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha kuwa uwezo wa kuzaliana wa kob huyu Afrika Kusini ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 5 ya ule wa awali. Tangu 2019 sehemu ya bahari ya Thukela ni hifadhi yenye kanda. Uliza kanda yako kabla ya kutupa. Ukimpata mkubwa, ngoja wimbi limsogeze mchangani, usimburute kwa kushindana nalo, wala usimwinue kwa matamvua. Mshike tumboni kwa mikono iliyolowa, umwelekeze kichwa baharini, umwache mwenyewe apige mkia.