Ufundi wa Kuulizwa

Mama mmoja alipanda jukwaani bila slaidi hata moja. Mshereheshaji alimtambulisha kama mhitimu wa zamani wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwanasheria, akataka kuendelea na vyeo vingine, mama akamkatisha kwa kupunga mkono. Akazungumza nusu saa, kwa utulivu, akashukuru. Hapo ndipo kazi yake ilipoanza.

Kijana mmoja alisimama nyuma na swali refu juu ya ardhi na wawekezaji. Lilikuwa na hasira ndani yake, likazunguka mpaka wenzake wakaanza kuguna. Mama alikuwa ameinama akiandika. Kijana alipokaa, mama akalirudia swali lake kwa sentensi mbili tu, tena kwa ukali kuliko alivyoliuliza mwenyewe. “Ndicho unachoniuliza, mwanangu?” Kijana akaitikia. Mama akajibu sehemu ya kwanza kwa kirefu. Ya pili akasema wazi kwamba kijana ana hoja nzito kuliko yake.

Sijaona ufundi unaonivutia kuliko huo. Kuhutubia peke yake si kazi kubwa. Mwenye sauti nzuri na kisa kimoja cha kuchekesha huvuka salama. Lakini wengi wetu tukibanwa na swali hulichuja kwanza, tukaondoa miiba yake, tukajibu lililobaki. Kumnolea anayekupinga kisu chake mbele ya ukumbi mzima, kisha ukasimama palepale, kunataka mtu aliyelelewa na mabishano.

Na Mlimani palilea watu hivyo. Chuo kilianza mwaka 1961 na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba, kikapanda Mlimani mwaka 1964. Miaka michache baadaye wanafunzi waliunda umoja wao wa kimapinduzi, USARF, Yoweri Museveni akiwa mwenyekiti. Jumapili walikuwa na darasa lao la itikadi, wasilolazimishwa na yeyote, na wahadhiri wa aina ya Walter Rodney walishiriki. Mwaka 1970 jarida lao, Cheche, lilichapisha makala ndefu ya kijana Issa Shivji kuhusu matabaka nchini. Makala ile ilipotoka kama kitabu mwaka 1973, ndani yake mlikuwa na majibu ya wahadhiri Rodney, John Saul na Tamás Szentes. Kijana aliandika, wakubwa wakamjibu kwa hoja, mbele ya wasomaji wote.

Sisemi zama zile zilikuwa pepo. Mwaka 1966 wanafunzi karibu 400 walifukuzwa kwa kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na USARF na Cheche vyote vilipigwa marufuku mwaka huohuo wa 1970. Kuuliza kulikuwa na gharama. Labda ndiyo maana waliuliza kwa uangalifu.

Mwaka 2009 Shivji, mwanafunzi yule wa zamani, ndiye aliyekuwa mwenyeji wa tamasha la kwanza la Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kiti cha uprofesa chuoni hapo, Wole Soyinka akaja kutoa mihadhara. Mtu angedhani mambo yamerudi.

Siku hizi tuna makongamano mengi, na mhitimu hualikwa mara kwa mara. Ila hualikwa kusimulia mafanikio: alivyoanza bila mtaji, alivyolala njaa, alipo leo. Wanafunzi wanaopewa nafasi nao huiga mtindo huohuo, kana kwamba wameshafanikiwa. Kabla ya hapo itifaki imeshakula saa nzima, meza kuu imetambulishwa mtu mmoja mmoja, mdhamini amesema neno lake. Mtoa mada huwapa watu mgongo akisoma maandishi ukutani, maandishi ambayo kila mwenye macho ukumbini angeweza kuyasoma. Mchokoza mada, akiwapo, hachokozi, anapongeza. Kisha tangazo tulilolizoea: kwa sababu ya muda, tutapokea maswali matatu tu, na yatajibiwa kwa pamoja. Swali lenye mwiba likichanganywa na mengine mawili, nani atakumbuka kwamba halikujibiwa?

Ukumbi wa Nkrumah wa Mlimani tuliuenzi kiasi cha kuuweka kwenye noti ya zamani ya shilingi 500. Mabishano yaliyofanywa ndani yake tunayapa dakika kumi za mwisho, watu wakiwa wameanza kunyanyuka kwenda kwenye chai.

Ombi langu kwa waandaaji, hasa viongozi wa wanafunzi: futeni hotuba za utangulizi, mgeni rasmi mpeni dakika tano, na saa nzima iliyobaki wapeni waulizaji, swali moja kwa jibu moja. Mzungumzaji asiyekubali kuulizwa hivyo, awe mhitimu mwenye jina kubwa kiasi gani, msimwalike.