Mkono Ulioshika Pipeti

Kwa mbali kazi ya maabara haina mvuto. Mtu kainamia meza, anahamisha matone kutoka kichupa hiki kwenda kile. Lakini msogelee anayeandaa kipimo cha intaferoni gama, utaona ufundi unaostahili heshima ileile anayopewa fundi wa mitumbwi pale mwaloni.

Intaferoni gama ni saitokini, yaani protini ambayo chembe za kinga hutumia kupeana amri. Chembe aina ya seli T zikimtambua adui huimwaga, nayo huziamsha makrofaji ziue vijidudu zilivyovimeza, vikiwemo vya kifua kikuu. Kandokando ya Ziwa Victoria jambo hili lina uzito wake. Mayai ya minyoo ya kichocho, ugonjwa ambao watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Mwanza, wameufuatilia miaka mingi, huuvuta mwili upande wa saitokini nyingine, kama intaleukini 4 na 5. Hivyo, damu ya mvuvi ina gama kiasi gani si swali la kitabuni tu.

Kipimo hujibu kwa rangi kwenye sahani ya visima 96, ila rangi hiyo haisemi kiasi mpaka uwe na cha kulinganishia. Ndipo inapohitajika gama ya kutengenezwa: jeni ya binadamu, iliyonakiliwa kwa mara ya kwanza miaka ya 1980, hupandikizwa kwenye bakteria, nayo huizalisha protini hiyo. Husafishwa, hukaushwa, huletwa ikiwa unga usioonekana vizuri kwa macho.

Fundi hakifungui kichupa ovyo. Hukizungusha kwanza kwenye mashine, unga ulionasa kifunikoni ushuke. Akishatia maji hakitikisi, maana povu huharibu protini. Hukiinamisha huku na huku, kisha hukiacha kitulie. Halafu anapunguza makali yake nusu kwa nusu: anachota, anachanganya, anabadili ncha ya pipeti, anachota tena. Pipeti imesimama wima, ncha imezama kidogo tu, kidole gumba kinashuka kwa mwendo uleule.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba kosa hapa halipigi kelele. Akiteleza mwanzoni, hatua zote zinazofuata hukosea kwa mpangilio mzuri, na kompyuta hutoa namba safi za uongo. Kupima kila sampuli katika visima viwili hukamata makosa mengine, si hilo la mwanzoni. Mwishoni asidi ikiingia, rangi ya buluu visimani hugeuka njano. Fundi mzuri huiangalia sahani kwa macho kabla ya kuipeleka kwenye mashine ya kuisoma, aone kama pacha wanafanana. Wakitofautiana sana, kazi inarudiwa, hata kama jua la Mwanza limeshazama.