Malcolm X na Kamusi Yake

Vitabu vya watu walioanguka kisha wakainuka ni vingi, na baadhi yake huchosha, kwa kuwa mwandishi huharakisha ushindi akatuficha jasho. Kitabu cha maisha ya Malcolm X, alichomsimulia Alex Haley, kikachapishwa mwaka 1965 baada ya msimulizi kuuawa, hakina ila hiyo. Nakuomba, msomaji, ukipime pamoja nami.

Malcolm alizaliwa mwaka 1925 katika jimbo la Nebraska, Marekani. Alipokuwa na miaka sita baba yake alikufa. Baadaye mama yake akatiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Shuleni alikuwa hodari, lakini alipomwambia mwalimu kuwa angependa kuwa mwanasheria, alishauriwa aufikirie useremala, kwa sababu alikuwa mtu mweusi. Masomo akayaacha. Huko Boston na New York akazama katika bangi, kokeini, kamari na wizi, hata mwaka 1946, kabla hajatimiza miaka 21, akafungwa.

Gerezani nako hakuongoka mara moja. Asimulia kuwa wafungwa walikoroga kungumanga, kiungo hiki cha jikoni, katika maji baridi wakanywa ili walewe, naye alikuwa mmoja wao. Kitabu hakimpambi.

Mageuzi yalishika nguvu kwa aibu. Alitaka kuandika barua, akaona maneno hana. Akaomba kamusi, akanakili ukurasa wa kwanza wote kwa mkono, pamoja na alama za vituo. Kazi hiyo ilimchukua siku nzima. Kesho yake mengi alikuwa ameyakumbuka, hata jina la mnyama wa Afrika ambaye sisi humwita mhanga. Akaendelea hivyo ukurasa baada ya ukurasa. Taa zilipozimwa saa nne usiku, alisoma kwa mwanga wa nje ya chumba chake, akijifanya amelala kila askari alipopita.

Wako wasemao kuwa sura hiyo yathibitisha kwamba nia peke yake yatosha. Kitabu chenyewe chawakanusha. Mfungwa mwenzake ndiye aliyemhimiza kwanza kutumia maktaba. Ndugu zake walimwandikia na kumvuta kwenye dini iliyomkataza sigara na ulevi. Dada yake Ella alijitahidi ahamishiwe gereza la Norfolk, lenye maktaba kubwa. Nia ni mbegu, nayo huhitaji udongo.

Ila ya kitabu iko mahali pengine. Mwanahistoria Manning Marable, katika kitabu chake cha mwaka 2011, alionyesha kuwa Malcolm alitia chumvi uhalifu wake wa ujana. Tena sura za Harlem zimesimuliwa kwa utamu mwingi. Jihadhari, basi, usije ukaupenda ugonjwa ukaisahau dawa.

Lakini fadhili yake kubwa yaonekana mwishoni. Mwaka 1964 Malcolm alihiji Makka, akaswali pamoja na Waislamu wa kila rangi, akaiacha imani yake ya awali kwamba wazungu wote ni mashetani. Kuacha kokeini ni ushindi mkubwa. Kusahihisha fundisho lililokuokoa ni mkubwa zaidi, maana wengi wetu hukoma kujifunza tukishapona. Kisome kitabu hiki polepole, na kamusi iwe karibu nawe.